Kwato za Nzohe

Hapo kale, tena si kale sana, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa hifadhi moja ya taifa, Burigi-Chato. Ilikuwa mwaka 2019. Watu walisimika vibao, wakachora ramani mpya, kazi yao ikaisha. Wanyama walibaki na shida ambayo ramani haiwezi kuitibu: mtoto wa Kimisi hamjui mtoto wa Biharamulo, na wa Biharamulo akimwona wa Burigi anamdhani mgeni.

Kiboko mzee wa Ziwa Burigi akapiga mbiu. Mwezi ulipopevuka, vijana kumi na wawili wakafika ufukweni.

"Wajukuu zangu," akasema, "nawatuma safari. Mtakata nyika ya Kimisi, mshuke kwenye bonde la Kagera, mfike Rusumo kule Ngara, mahali mto Ruvubu unapokutana na Kagera kabla maji hayajaporomoka mwambani. Mkoge ule ukungu, kisha mrudi wote." Neno "wote" alilitamka mara tatu. "Lakini kwanza kila mmoja achague kazi, na asiibadili mpaka arudi hapa."

Kazi zilikuwa tano. Ngao hutangulia kupokea pigo. Mkuki hushambulia. Moto hupiga kwa mbali, ila adui akimfikia hana pa kujificha. Dawa hutibu wenzake. Jicho hutangulia kutafuta njia.

Kabla Kiboko hajafunga mdomo, tisa walikwisha kupaza sauti: Mkuki! Jioni nzima walikuwa wameimbiwa habari za Chui aliyeshuka mtini na kumaliza vita kwa mruko mmoja. Hakuna aliyewaimbia kingine. Ngiri alichagua Mkuki, mtoto wa Pofu Mkuki, na Nzohe, kijana mpole kutoka kwenye mafunjo, naye akasema Mkuki ingawa sauti ilimtoka kwa shida. Sungura alitaka Moto. Kakakuona alichukua Ngao kwa sababu baba yake alikuwa Ngao. Shashi, ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, alichelewa kufika, akaambiwa iliyobaki inayomfaa ni Dawa. Akalia palepale mbele ya watu. Jicho halikuchaguliwa na yeyote.

Nasimama hapa kidogo, maana swali la Kiboko nalijua. Vijana wetu walioinamia simu kwenye vibanda vya kuchajia, wakicheza ile michezo ya majoka na ngome ambayo watu wa nchi mbalimbali hukutana humo kwa intaneti, huulizwa hilohilo kwenye ukurasa wa kwanza: utakuwa nani? Ni swali lenye umri. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, na mchezaji alichagua kati ya watatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Kasisi ndiye aliyetibu. Mchezo wa intaneti World of Warcraft ulipotoka mwaka 2004, wa kuchagua walikuwa tisa. Orodha imerefuka, lakini anayeanza bado humkimbilia yule mwenye upanga mkubwa kuliko wote. Simlaumu hata kidogo. Ameonyeshwa upanga. Hajaonyeshwa saa tatu za kutembea kutoka pambano moja hadi jingine.

Turudi nyikani. Usiku wa pili fisi watatu waliwavamia. Mikuki waliokuwa mbele wakamrukia fisi mmoja, kila mmoja akitaka pigo lake liwe la kwanza, wakakanyagana. Fisi wawili wakazunguka nyuma na kumng'ata Ngiri nyonga. Kakakuona alijikunja, magamba yake yakayashinda meno ya fisi, na huo ulikuwa ushujaa wa kweli, ila kulipokucha hakuna aliyeusema. Walichosema ni "Ngao, harakisha!" kwa sababu ana miguu mifupi na kila siku alifika wa mwisho.

Siku ya tatu Ngiri hakuweza kusimama. Kupe walikuwa wamejaa sikioni na kwenye kidonda chake, mmoja amevimba kama punje ya mbaazi. Shashi alimtua shingoni bila kutaka. Akamvuta yule mkubwa kwa ncha ya mdomo, taratibu, asije akakatika kichwa kikabaki ndani. Akamvuta wa pili. Ngiri akashusha pumzi, akafumba macho, akalala usingizi wa kwanza tangu ang'atwe. Shashi akabaki pale shingoni hata kupe walipokwisha. Kesho yake aliamka kabla ya wote, akaanza kuwakagua masikio mmoja mmoja kabla hajaombwa.

Nzohe alikuwa na aibu yake. Vilima vya Ngara vina mawe, na kwato za nzohe ni ndefu na nyembamba kama vidole viwili. Kwenye mwamba huteleza. Hata pambano la fisi alilifikia limekwisha, akasimama na pembe zake changa akiwatazama wenzake wakihesabu majeraha.

Hatimaye wakashuka bondeni. Mbele yao mafunjo, marefu kumpita Pofu, hayana mwisho. Mbali upande wa kusini waliona taa za malori yanayotoka Lusahunga kwenda mpakani Rusumo, yakipanda mlima polepole. Ngiri akajaribu kuingia, akazama hadi tumboni, wakamvuta kwa mkia. Sungura alipiga moto wake, mafunjo mabichi yakafuka moshi tu. Pofu alipiga hatua mbili akarudi anatetemeka. Mikuki tisa na hakuna wa kuchomwa. Wakakaa chini, na baadhi wakaanza kuzungumzia kurudi.

Shashi alikuwa mgongoni mwa Nzohe akitafuta kupe. Akatazama chini.

"Kaka," akasema, "mbona wewe huzami?"

Nzohe alikuwa amesimama juu ya mizizi ya mafunjo bila kufikiri. Zile kwato ndefu zilikuwa zimetanuka, kila moja imebeba sehemu yake ya uzito, na maji yalimfika kwenye kifundo tu.

"Kwetu kila mtu hutembea hivi," akajibu, ameinamisha kichwa. "Sikujua kwamba hii ni kazi."

Usiku ule aliwavusha. Alitangulia, akilaza mabua upande mmoja kwa kifua, akijaribu kila shina kwa mguu wa mbele, kisha akiita kwa sauti ndogo: hapa, sasa hapa. Alipohisi mamba karibu alizama mpaka zikabaki tundu za pua, akangoja, nao wakangoja. Kakakuona alibebwa na Pofu. Jua lilipochomoza walisikia ngurumo ya maji, wakauona na ukungu. Pale mafundi walikuwa wakijenga mitambo ya umeme wa kugawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Walioga wote kumi na wawili, na wote walirudi.

Kiboko alisikiliza habari yote mpaka mwisho, kisha akanyamaza kwa muda mrefu majini.

"Kosa ni langu," akasema. "Niliwauliza usiku, mkiwa mmeshiba, masikioni wimbo wa Chui. Nikataka mchague mnachofanya siku ya vita, na katika siku zote hizo mmepigana moja tu. Kuanzia sasa kazi ya kwanza itashikwa hadi maji ya kwanza. Mtoto akivuka, ataulizwa upya."

Akawauliza palepale. Shashi alisema "Dawa" kabla swali halijaisha. Ngiri alibaki Mkuki, tena anastahili, maana hupenda hata kunoa meno siku isiyo na adui. Kakakuona aliomba kupumzika Ungao apate kujua yeye mwenyewe anapenda nini, akaruhusiwa. Nzohe akasema, "Nipeni Jicho. Ila tukifika kwenye mawe, mwingine anipokee."

Nimeisimulia hekaya hii kwa ajili ya wazazi wa Ngara na Biharamulo. Watoto wetu wa kidato cha nne hujaza fomu ya Selform kabla hawajafanya mtihani, wakichagua tahasusi, ambazo tangu mwaka 2024 zimefika 65, na vyuo. Wengi huandika walichoimbiwa nyumbani. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili machaguo, na dirisha hilo halikai wazi siku nyingi. Likifunguliwa, zima redio, keti na mwanao chini ya mgomba, umuulize mara ya pili.