Namna ya Kumfunda Mwalimu wa Insha kwa Siku Tatu

Mwali wa zamani alikaa ndani wiki kadhaa akifundwa kabla ya kutolewa. Vyuo vikuu vya Marekani havina subira hiyo. Huko karibu kila anayeingia mwaka wa kwanza analazimika kusoma somo la uandishi, desturi iliyoota mizizi tangu miaka ya 1880, Harvard ilipoanzisha kozi ya English A kwa sababu watoto wa wenye nazo walikuwa wanaandika ovyo. Madarasa ni mengi, na maprofesa wana vitabu vyao vya kuandika. Kazi inawaangukia wanafunzi wa uzamivu. Ukiteuliwa kuwa kungwi wao, shika haya.

Tafuta kwanza mwali anayefaa. Anayeandika tasnifu juu ya mshairi Milton ni bora, maana yeye hajawahi kukwama mbele ya karatasi tupu. Hatasumbuliwa na huruma kwa waliokwama.

Mwite Agosti, siku chache kabla ya masomo. Siku ya kwanza imalizike kwa fomu za mshahara, namba ya siri ya mashine ya fotokopi na ramani ya maegesho. Ya pili ni ya nadharia. Mtajie Mina Shaughnessy, aliyepitia insha zipatazo 4,000 za wanafunzi wa City College, New York, na kuonyesha katika kitabu chake cha 1977 kuwa makosa yao yana mantiki yake. Mtaje tu. Usimpe mwali insha hata moja aitafute mantiki hiyo mwenyewe, asije akaipata.

Siku ya tatu ni ya kusawazisha alama. Wape mwali wako na wenzake insha moja. Huyu atatoa A, yule D, na mwenye D atakuwa na hoja nzito. Waache wabishane mpaka chakula cha mchana kinukie. Hapo watakubaliana B kwa kauli moja.

Sasa kalamu nyekundu. Mwaka 1963 watafiti Braddock, Lloyd-Jones na Schoer walipitia tafiti zilizokuwapo, wakaona kuwa kufundisha kanuni za sarufi hakumsaidii mtu kuandika, na huenda kukamdhuru kwa kula muda wa kuandika kwenyewe. Habari hiyo isivuke mlango wa ofisi yako. Naye mtafiti Nancy Sommers alilalamika mwaka 1982 kwamba maoni mengi ya walimu yangeweza kugongwa kama mhuri kwenye insha yoyote. Wazo zuri: mchongee mwali mhuri. “Fafanua.” “Kwa nini?” “Haieleweki.” Ana wanafunzi 22, kila mmoja insha 4; akitumia dakika 20 kwa kila insha ni saa 29 na ushei, rasimu hazijahesabiwa. Ataushukuru mhuri wako.

(Nami nilifundwa hivihivi. Mtoto wa pwani, Kiingereza nimekikuta shuleni, nikasimamishwa mbele ya Wamarekani niwafundishe lugha ya mama zao. Kijana mmoja akauliza kwa nini lazima insha iwe na aya tano. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akaandika jibu langu kwenye daftari, na ndilo pekee aliloandika siku hiyo.)

Usisahau kumkagua darasani. Mara moja inatosha, na mpe taarifa wiki mbili kabla ili achague somo lake zuri na awaombe wanafunzi wasimwaibishe. Keti nyuma, jibu barua pepe zako, kisha jaza fomu: “Anaendelea vizuri.” Akija kukuuliza afanye nini na binti aliyeandika ukurasa mmoja wenye ukweli mchungu na nukta mbili tu, mkumbushe kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mwaka wa nne au wa tano utamkuta ameketi na mwanafunzi mmoja, kalamu imefunikwa, anamuuliza: “Hapa ulitaka kusema nini?” Hapo keshaiva. Bahati nzuri, ndio mwaka anaohitimu. Mfanyie keki, umuage, kisha katoe nakala za ramani ya maegesho. Agosti haiko mbali.