Jinsi ya Kuifanya Kompyuta Iimbe Kuliko Mwimbaji

Kwanza kabisa, usiweke muziki. Muziki utakuja baadaye, labda Jumapili, Mungu akipenda. Mwenye masikio ya maana huanza na mipangilio. Bofya kulia ile alama ya spika pale chini pembeni mwa skrini, zama kwenye sifa za kifaa, endelea kuzama mpaka ufike kwenye orodha ya namba: biti 16, hezi 44,100, biti 24, hezi 48,000, na ukiwa na bahati, chini kabisa, biti 24, hezi 192,000. Chukua hiyo ya mwisho. Usiulize kwa nini. Nani huchagua fungu dogo la nyanya wakati bei ni moja?

Watatokea wajuaji. Watakwambia kwamba CD, tangu ilipoingia madukani mwaka 1982, hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde, na hizo zinatosha kwa sauti zote hadi karibu hezi 22,000, ilhali sikio la binadamu, tena la kijana, huishia hezi 20,000 hivi. Watasema nyimbo zikiwa zimetoka kwenye CD, weka 44,100 ukalale. Ukidai 192,000, kompyuta itabidi ijikokotolee yenyewe hizo zilizopungua, kama mama ntilie anayeongeza maji kwenye mchuzi wateja wakizidi. Waache waseme. Mchuzi umejaa sufuria au haukujaa?

Sasa chagua wimbo wa majaribio. Nakushauri Siti binti Saad, aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Wimbo wako ulitoka kwenye santuri ukaingia kwenye kaseti, kaseti ikawa MP3 ya kilobiti 128, na MP3 ukarushiwa na binamu kwenye WhatsApp. Ugeuze uwe FLAC. Faili litavimba mara kadhaa. Kilichokatwa na MP3 hakirudi, hilo ni kweli, lakini mikwaruzo ya santuri utaitunza vizuri, mmoja mmoja.

Kwenye ikwalaiza, pandisha besi. Besi ikiifunika sauti ya mwimbaji, pandisha trebo. Kisha pandisha na za katikati, zisije zikajiona yatima. Umepandisha zote, yaani umeongeza sauti tu, ila sasa kilele cha wimbi kimegota darini, na dari ya dijitali haina dirisha: kinachozidi hukatwa, na sabufa hukoroma. Ukoromo huo waambie majirani ni nguvu. Halafu washa viboreshaji vyote, hasa kile cha kuigiza ukumbi, usikie gitaa la Mbaraka Mwinshehe likipigwa ndani ya simtanki.

Ukitumia hedfoni za Bluetooth, acha programu ya mikutano ikiwa wazi. Ikidaka maiki, hedfoni nyingi huhamia njia ya maongezi ya simu, na bendi nzima inabanwa kama inapiga ikiwa chini ya blanketi. Kuifunga programu hiyo hakugharimu hata senti, ndiyo maana wengi wetu hukimbilia kununua hedfoni nyingine.

Hapa naomba niseme la kwangu. Laptop yangu nilipoiunga na sabufa ilileta ngurumo, mmm isiyokoma, hata wimbo ukisimama. Nikanunua waya. Nikanunua mwingine. Wa tatu una ncha za rangi ya dhahabu na ulikuja ndani ya kiboksi chenye sponji, kama saa ya mkononi. Ngurumo ikabaki palepale. Jioni moja binti yangu akachomoa chaja ya laptop ukutani, apate tundu la kuchajia simu yake. Kimya. Umeme wa chaja ndio uliokuwa ukipenya kupitia waya hadi kwenye sabufa. Nilimwambia asiguse vitu vyangu.

Mambo yakikaa sawa, alika mtu. Mkalishe katikati kabisa, umbali sawa na spika zote mbili, mwambie asiegemee. Bonyeza. Ukimwona anaanza kutikisa kichwa, simamisha umwonyeshe namba.

“Shemeji,” atakuuliza, “huyu anayeimba ni nani?”

“Biti ishirini na nne.”