Risala kwa Kadi ya Dola 300

Nimesikia risala zikisomwa kwenye uzinduzi wa kisima kisicho na maji, kumsifu diwani aliyechangia mabati mawili, na kumkaribisha mgeni rasmi aliyetuma mwakilishi, naye mwakilishi akachelewa. Sijasikia hata moja ikisomwa kwa heshima ya kadi ya mkopo ya watu walioharibikiwa, ile yenye kikomo cha dola 300, ambayo Waswahili wengi wa Marekani wanaitumia kimyakimya na kuificha nyuma ya leseni ya udereva. Huo ni utovu wa fadhila. Kwa heshima na taadhima, naomba niurekebishe.

Kwanza, kadi hii ina utu. Gari lako likishachukuliwa na waliokukopesha, bili ya hospitali ikishauzwa kwa wakusanya madeni, na ndugu wakishaacha kupokea simu yako, yeye ndiye anayekuja kukutazama. Huja kwa posta, ndani ya bahasha nene, na barua inayosema umeteuliwa. Majina yako yameandikwa yote matatu, hadi lile la babu ambalo kazini hakuna aliyewahi kulitamka sawasawa. Benki kubwa za mjini zilikujibu kwa mistari miwili ya masikitiko. Huyu amekuandikia kurasa nne, ingawa kurasa tatu ni za masharti.

Pili, ana nasaba. Kwao ni South Dakota, jimbo la ng'ombe, mahindi na baridi kali. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya benki ya Marquette, kwamba benki ya kitaifa inaweza kumtoza mteja riba inayoruhusiwa na jimbo ilipo benki, hata kama mteja anaishi kwingine kabisa. Mwaka 1980 South Dakota ikafuta ukomo wake wa riba. Mwaka uliofuata Citibank ikahamisha shughuli zake za kadi kutoka New York hadi Sioux Falls. Tangu hapo mpangaji wa chumba kimoja Ohio anakopeshwa kwa sheria za jimbo ambalo hajafika na pengine hatafika. Sisi tuliofunga safari kuifuata riziki tunapaswa kuelewa: kule riziki ilibaki palepale, riba ndiyo ikasafiri. Wenyeji wa South Dakota wenyewe, mwaka 2016, walipiga kura kuwabana wakopeshaji wa mikopo ya muda mfupi wasipite asilimia 36 kwa mwaka. Benki hazikuguswa. Mgeni rasmi siku zote hupewa kiti kivulini.

Katika mji huohuo wa Sioux Falls ndipo ilipo First Premier, benki iliyoifikisha sanaa hii mahali ambapo wengine hawakuthubutu. Kabla sheria haijabadilika, kadi yake yenye kikomo cha dola 250 ilikuja na ada ya kufungua akaunti dola 29, ada ya programu dola 95, ada ya mwaka dola 48 na ada ya huduma dola 7 kwa mwezi. Jumlisha, kisha toa. Mteja alifungua bahasha akakuta ana dola 71 za kutumia, na kabla hajanunua hata kiberiti alikuwa tayari anadaiwa dola 179. Kuna wazee wanaohubiri maisha yao yote kwamba vijana wajifunze kubana matumizi. Hakuna aliyewahi kulifanikisha kwa kasi hiyo.

Kisha akaja Barack Obama, mtoto wa Mkenya, kuharibu sherehe. Mei 2009 alitia saini sheria iliyosema, pamoja na mengine, kwamba ada za mwaka wa kwanza zisizidi asilimia 25 ya kikomo cha kadi. Benki ikasoma sheria vizuri kuliko tunavyosoma mikataba yetu, ikaona kwamba imezibana ada na kuiacha riba, ikaingiza sokoni kadi ya riba ya asilimia 79.9. Kadi hiyo haikudumu, lakini ubunifu ni ubunifu. Mwaka 2011 wasimamizi walipotaka hata ada inayolipwa kabla ya akaunti kufunguliwa ihesabiwe ndani ya ile asilimia 25, benki ikaenda mahakamani. Mwaka 2013 kanuni ikarudishwa nyuma. Ada ya kabla ya kufungua ikabaki nje ya hesabu, na bado iko nje, ikisubiri mlangoni.

Hapa ndipo wenye wivu huanza kupiga kelele kuhusu riba. Ni kelele za kumwonea asiye na hatia. Kadi nyingi humpa mteja siku zisizopungua 21 tangu bili itoke, na anayelipa bili yote ndani ya siku hizo hatozwi riba kwa alichonunua, iwe asilimia 18 au 36. Riba humpata yule anayebakiza deni: dola 225 zikilala mwezi mzima kwa asilimia 36 kwa mwaka, zinazaa dola 6 na senti 75 hivi. Inauma, lakini unaweza kuikwepa. Ada haibagui. Humpata mlipaji mwema na mlipaji mbovu kwa kiwango kilekile, na hilo nalo ni aina ya usawa ambayo mataifa mengi hayajaifikia.

Sasa nifike kwenye sifa iliyonifanya niandike. Watu hudhani kadi hii inauza pesa. Dola 300 si pesa. Kwa bei za leo ni matairi mawili na chenji. Kinachouzwa hapa ni ushahidi.

Mangi wa dukani Sinza anakuandikia sukari kwenye daftari kwa sababu anamjua mama yako. Marekani daftari linashikwa na kampuni za Equifax, Experian na TransUnion, zisizomjua mama yako, na kurasa zao hazina mstari wa mtu asiyekopa. Aliyelipa taslimu tangu azaliwe anaitwa asiye na historia, kana kwamba aliokotwa. Ndiyo maana ndugu zetu Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wengi wao historia yao ya kwanza ya mkopo ni tiketi ya ndege iliyowaleta, mkopo usio na riba ambao mkimbizi huanza kuulipa miezi michache baada ya kufika. Hata hawajajua basi la kwenda kazini linasimama wapi, tayari wana deni, na deni hilo likilipwa kwa wakati linawatambulisha.

Kutoka kwenye madaftari hayo hutolewa alama, zile za FICO zilizoanza mwaka 1989, kati ya 300 na 850. Asilimia 35 ya alama ni kama ulilipa kwa wakati. Asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa, na hapo huangaliwa sana umekula sehemu gani ya kikomo chako. Yanayobaki ni umri wa akaunti, aina za mikopo na maombi mapya. Soma tena orodha hiyo utafute mahali panapoandikwa riba ya kadi yako. Hapapo. Utafute ada. Hazipo. Ripoti inaandika kwamba akaunti ipo, kikomo ni kadhaa, deni ni kadhaa, imelipwa. Shahidi wa bure na shahidi wa ghali wanatoa maneno yaleyale, na hakimu hawaulizi nauli ilitoka wapi. Kwa hiyo mgeni wetu rasmi anastahili pongezi ya pekee: ameweza kuuza kwa bei ya juu ushahidi ambao jirani yake anautoa karibu bure, na bado foleni ni ndefu.

Jirani mwenyewe ndiye ile kadi ya dhamana. Unaweka, tuseme, dola 200 benki, nazo zinakuwa kikomo chako; ukilipa vizuri au ukifunga akaunti bila deni, unarudishiwa. Baadhi yake hazina ada ya mwaka hata senti. Yupo pia jirani mwingine, saccos za Marekani, ambazo zile za kitaifa haziruhusiwi kutoza riba ya kadi zaidi ya asilimia 18. Lakini kadi ya dhamana ina aibu moja isiyosameheka: inakutaka uwe na dola 200. Aliyeishiwa hana. Kwa hiyo anaichagua kadi ya Sioux Falls, analipa, kwa masharti yaliyowahi kutumika, ada ya programu dola 95 kabla ya kufungua na ada ya mwaka dola 75 baada ya kufungua, jumla dola 170, ambazo hazirudi. Hakuwa na 200 za kuweka. Zile 170 za kutoa kabisa alizipata, kwa sababu zilikuja vipande vipande na kimoja kilikatwa kimyakimya kwenye kikomo. Huu ni ufundi mkubwa wa kumjua maskini, na nauvulia kofia.

Tazama pia jinsi anavyofunza hesabu. Kikomo ni dola 300. Ada ya mwaka ya dola 75 inaingia siku ya kwanza, na tayari umekula asilimia 25 bila kutoka nyumbani. Ushauri unaozungushwa kila mahali ni kwamba deni lisizidi asilimia 30 ya kikomo, yaani dola 90. Umebakiwa na dola 15 za kuonyeshea uaminifu wako kwa taifa. Mwenye akili huilipa ile 75 mapema, kisha ananunua petroli mara moja kwa mwezi, analipa yote, anaiweka kadi ndani ya Biblia au ndani ya msahafu, na kuiacha ishuhudie. Malipo yasicheleweshwe, kwa sababu ucheleweshaji wa siku 30 unaandikwa, na ukishaandikwa unakaa miaka saba.

Ukifanya hivyo hadi mwaka wa kwanza upite, benki inakuona. Inafurahi. Inakupa nyongeza ya kikomo, na kwa sababu zawadi isiyo na bei haina heshima, zimewahi kuwepo kadi zilizotoza asilimia 25 ya nyongeza hiyohiyo. Dola 100 za imani, dola 25 za kuishukuru imani. Mwenye haraka hukubali bila kusoma. Mwenye kusoma hupiga simu kukataa, na kukataa nako kunahitaji uvumilivu wa kusikiliza muziki.

Na mwaka huo wa pili una jingine. Ile asilimia 25 ya Obama inalinda mwaka wa kwanza tu, na kadi hizi zinaifahamu kalenda. Masharti ya moja ya kadi hizo, yenye kikomo cha dola 300, yamewahi kuwa hivi: ada ya mwaka inashuka kutoka 75 hadi 45, mteja anashangilia, na wakati anashangilia inaamka ada ya kila mwezi ya dola 6 na senti 25 ambayo mwaka wa kwanza ilikuwa imelala. Jumla ya mwaka ni dola 120. Hiyo ni asilimia 40 ya kikomo, kumlipa shahidi ambaye ameshatoa ushahidi.

Na ushahidi ndio huo, umeshaandikwa. Akaunti iliyofungwa ikiwa safi inaweza kubaki kwenye ripoti hadi miaka kumi, ikiendelea kukusemea mema. Kikomo chako cha jumla kitapungua ukiifunga, kwa hiyo ni busara kadi nyingine, ya dhamana au ya saccos, iwe imeshasimama. Lakini hakuna kinachokufunga kuendelea kumlipa.

Baada ya kusema hayo, mheshimiwa mgeni rasmi, tunayo maombi. Tunajua tarehe ambayo ada ya mwezi inaamka, na tutapiga simu kabla yake. Tutakuwa tumelipa deni lote, pamoja na ile riba ya siku chache inayopenda kujitokeza baada ya bili ya mwisho. Tutaomba barua inayosema akaunti imefungwa na haidaiwi. Tunaomba simu ipokelewe. Mheshimiwa akitaka kutubembeleza kwa kutusamehe ada ya mwaka, tutamsikiliza kwa adabu, ila msamaha huo uandikwe, na ada ya mwezi nayo iwemo.