Mbuzi, Mama Mkwe na Dawa ya Minyoo

Dawa ya minyoo ya albendazole aghalabu ni nyeupe, na juu ya shati la bluu iliyokolea inaonekana vizuri sana, hasa mama mkwe akiwa ameketi kwenye kigoda hatua chache tu kutoka kwa mvaaji. Ndivyo ilivyomkuta mtumishi mmoja wa ofisi, mkazi wa Ipagala, Dodoma, Jumamosi iliyopita. Alimbana beberu kwa magoti, akamwinua kichwa hadi pua ikaelekea mbinguni, akamimina. Beberu akakohoa. Dawa nyingine ikatua kifuani kwa bwana, nyingine ikamtoka mnyama puani, na watoto wa jirani waliokwea ukuta wakapiga makofi.

“Mkwe,” mama akauliza kwa upole unaouma kuliko tusi, “unamnywesha au unamzamisha?”

Lilikuwa swali la kitaalamu. Nyuma ya ulimi wa mbuzi njia huachana: moja ya chakula, moja ya hewa. Kichwa kikiinuliwa mno, mnyama hushindwa kumeza sawasawa, na dawa iliyokusudiwa minyoo huishia mapafuni, ikaleta nimonia inayoweza kumuua upesi kuliko minyoo wenyewe. Kwa hiyo kichwa huachwa usawa wa mgongo, au juu kidogo tu. Bomba lisilo na sindano hupitishwa pembeni mwa mdomo, kwenye pengo lililo kati ya meno ya mbele na magego, ncha ikalala juu ya ulimi. Unasukuma taratibu, unasubiri ameze, unasukuma tena. Akikohoa, mwachie kwanza.

Ikishamezwa, ndipo mambo yanaponoga. Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne, na cha kwanza, kikubwa kuliko vyote, hufanya kazi kama simtanki: dawa huingia kwa mkupuo, lakini hutoka kidogo kidogo, na minyoo hubanwa nayo kwa muda mrefu. Muda huo ndio unaowaua. Bahati mbaya, mwili wa mbuzi huiondoa albendazole haraka kuliko wa kondoo. Mbuzi akipewa kipimo cha kondoo, minyoo sugu husalimika na kuzaliana, mwishowe dawa ikawa haina kazi tena.

Mambo kama haya yangefaa yaandikwe kwenye chupa. Chupa aliyouziwa bwana huyu ilikuwa na maandishi mengi kweli, kwa Kiingereza, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Kipimo kilitajwa kwa kilo za uzito. Ni nyumba gani Ipagala yenye mizani ya kumpima beberu? Dawa hiyohiyo huuzwa ya asilimia 2.5 na ya asilimia 10, tofauti ya mara nne, na asiyejua husema tu “nipe ya minyoo”. Onyo kwamba isipewe majike wenye mimba changa nalo limejificha humo humo. Kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa, ndani ya mkoa huu huu wa Dodoma, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1905. Zaidi ya karne imepita, na mfugaji bado anakisia kwa jicho. Hapo kicheko kinakatika. Mbuzi anayeharibu mimba kwa sababu ya maandishi yasiyosomeka ni hasara ya ada ya mtoto.

Baada ya beberu ikaja zamu ya kuku, nao walikuwa nafuu. Chanjo ya kideri ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo sawasawa. Tone la kwanza lilitua kwenye kiatu.

Paka naye, aliyefichiwa kidonge cha minyoo ndani ya dagaa, alikula dagaa, akatema kidonge.

Mwenye mbuzi, kabla hujalipa, mwombe muuzaji akusomee mambo matatu: asilimia ya dawa, kipimo cha mbuzi kwa kilo, na kama inafaa kwa jike mwenye mimba. Akishindwa kukusomea, mrudishie chupa yake na umtafute afisa mifugo wa kata.