Utelezi wa Dumu na Shemeji Gundi

Ndugu yangu, kama una mke, watoto, mama mkwe na dumu la maji la lita 20, kilio chetu ni kimoja.

Kwangu Jumamosi ni siku ya ukaguzi. Mama mkwe, ambaye wajukuu wamembandika jina la Bibi Mkaguzi, hutia kidole kwenye mdomo wa dumu, akakizungusha, akakitoa kinang'aa ute. "Baba Neema, wajukuu zangu wanakunywa haya?" Mama Neema naye hunitazama mimi. Basi natia konzi ya kokoto na sabuni ya unga, naanza kutikisa.

Jumamosi iliyopita alikuwepo Profesa, binti yetu mkubwa anayesoma baiolojia chuoni. Badala ya kupokea dumu, akaanza mhadhara. Ute ule ni maskani ya bakteria, walionata ukutani na kujifunika utando walioutengeneza wenyewe. Kusuuza tu hakuwang'oi. Amri ya kukaa au kuhama hupita ndani ya seli zao, kwa molekuli iitwayo saiklik-di-GMP, ambayo kundi la Moshe Benziman wa Jerusalem liliitangaza mwaka 1987. Ikijaa, wanakaa. Ikipungua, wanahama.

"Wanajibanduaje?" akauliza kitinda mimba wetu, Mzee wa Kwanini.

Profesa akamtaja Pseudomonas fluorescens, mkazi wa udongo na maji, anayejishikiza kwa protini ya LapA iliyo nje ya seli. Fosfeti ikiadimika, kimeng'enya RapA huvunja saiklik-di-GMP. Hapo LapD, iliyokuwa imeibana LapG, huiachia, na LapG huikata LapA. Bakteria huyo anaondoka na maji.

Mzee wa Kwanini akageukia sebuleni, alikojinyoosha Shemeji Gundi, aliyekuja kwa siku mbili tangu kabla ya Ramadhani. "Kumbe na mjomba tukimpunguzia ugali atahama!" Bibi Mkaguzi akang'aka kwamba mwanawe hali sana. Mama Neema akaenda kuongeza unga sufuriani. Kesi ikafungwa, na Gundi yupo.

Profesa akatuonya kwamba bakteria anayehama hajafa. Anatafuta pa kujenga upya. Ila akiwa nje ya utando, dawa humpata kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana watafiti wamejaribu kumtoa Pseudomonas aeruginosa, msumbufu wa mapafu na vidonda, kwa nitriki oksidi kidogo sana, inayoshusha saiklik-di-GMP, ili antibayotiki imkute hana ngome.

Kwa hiyo, mwenzangu, usimimine klorini juu ya ute ukadhani umemaliza. Tia kokoto na sabuni, tikisa mpaka kuta ziache kuteleza, suuza vizuri, ndipo utie maji na dawa. Na Jumamosi ijayo rudia, maana wale wanaobaki hujenga tena.