Mtungi wa Hewa Tupu

Mtungi wa mzamiaji huitwa "mtungi wa oksijeni" na karibu kila abiria wa boti pale Nungwi. Ndani mna hewa ile ile ya barazani, oksijeni asilimia 21 na iliyobaki karibu yote naitrojeni, iliyochujwa, ikakaushwa na kushindiliwa. Oksijeni tupu huwa sumu mzamiaji akipita mita 6 hivi, kwa hiyo anayeiomba hajui anachoomba.

Mtungi ulioenea zaidi ni wa alumini, wa ujazo wa lita 11 na ushei, unaobeba hewa kama lita 2,200 kwa shinikizo la bar 207. Hewa hiyo ina uzito unaozidi kilo mbili na nusu, na hapo ndipo vituko huanza. Ikishapumuliwa, mtungi ulioshuka kwa adabu hugeuka boya, na mzamiaji aliyepunguza risasi za mkandani ili aonekane hodari huelea makalio juu, wakati wenzake wametulia mita 5 kusubiri dakika zao 3 za usalama kabla ya kuibuka. Wa chuma hauna utundu huo, ila huota kutu kwa ndani, pasipoonekana. Basi kabla ya kununua, hutazamwa tarehe ya kipimo cha shinikizo iliyogongwa begani. Marekani kipimo hicho ni kila miaka 5. Rangi mpya inayong'aa ni ya kutiliwa shaka.

Kujaza kunataka subira na pua. Kompresa ikivuta hewa karibu na jiko, mzamiaji hujikuta mita 20 chini na ladha ya changu wa kukaanga kinywani, changu hai wakimkodolea macho. Hiyo ni bahati. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na mita 30 chini athari yake huongezeka karibu mara nne. Bomba la kuvutia hewa huwekwa juu, upande unakotoka upepo.

Mtungi unaojazwa haraka hupata moto: geji husoma 200, ukipoa husoma 180, na mwenyewe huanza kumtafuta aliyemwibia hewa. Hujazwa polepole, kisha hulazwa chini. Hauachwi umesimama, maana hata mtupu una kilo 14 hivi, na sitaha ya boti haitulii.