Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika

Mamlaka Husika,
Popote Ilipo.

YAH: OMBI LA KUONYESHWA SHERIA NILIYOIVUNJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye duka la rejareja mjini. Mwezi uliopita vijana wako watatu walikuta meza yangu ya nyanya imechungulia nje ya kibaraza kwa upana wa kiganja, wakaniandikia faini "kwa mujibu wa sheria ndogo". Nilipouliza sheria ndogo ipi, mmoja akanitazama kwa huruma: "Mzee, siku hizi kila kitu kipo mtandaoni." Nikalipa faini, nikanunua na bando.

Kwanza pongezi kwa wanaostahili. Kanzidata ya Mahakama, TanzLII, ni ya bure wala haiulizi mtu digrii. Kwa wiki mbili nimekuwa nusu wakili. Najua TZCA ni Mahakama ya Rufani na TZHC ni Mahakama Kuu. Siku ya kwanza niliandika "kibaraza", nikaambulia patupu. Binti yangu wa kidato cha nne akaliandika kwa Kiingereza, hukumu zikamiminika. Kumbe nilikuwa nabisha hodi kwa lugha ya nyumbani. Na hii ni baada ya Sura ya 1 ya sheria za nchi kurekebishwa mwaka 2021, ikatamka kwamba lugha ya sheria zetu ni Kiswahili!

Sheria mama niliipata. Mama huyu ana Sura, tena ya 288: ndiyo inayozipa mamlaka za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mtoto wake aliyenitoza faini ndiye sijamtia machoni. Risiti yangu haina namba ya Tangazo la Serikali wala mwaka. Nikafika ofisini kwako, nikaelezwa kuwa nakala iko kabatini kwa mwanasheria, na mwanasheria yuko semina.

Katika kupapasa huko nikajifunza kwamba hata sheria inayoonekana haisomwi peke yake. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa, Marejeo ya 2019, kilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Lakini ipo Rufaa ya Madai Namba 204 ya 2017, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Rebeca Gyumi. Humo Mahakama ya Rufani, mwaka 2019, ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama Kuu ilikuwa imetoa mwaka mmoja kirekebishwe, na hiyo ilikuwa 2016. Mzazi aliyesoma kifungu bila kusoma hukumu ataapa kwamba anaijua sheria. Mimi angalau najua kwamba yangu siijui.

Usinijibu kwa kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16; nacho nimekisoma. Kutojua sheria si utetezi. Sibishi. Ila kifungu hicho kinamhusu asiyeijua. Aliyeijua akaifungia kabatini hakimgusi.

Ombi langu ni dogo kuliko hiyo sheria yako ndogo. Iweke mtandaoni, kwa Kiswahili, ikiwa na tarehe na namba ya tangazo lake, na namba hiyo iandikwe kwenye kila risiti ya faini. Nikikuta imeandikwa kwamba kiganja kimoja ni kosa, nitaisukuma meza ndani kwa mikono yangu mwenyewe, bila kusubiri vijana.

Hadi naandika barua hii, nyanya zangu ziko nje na sheria yako iko ndani. Nyanya, walau, kila mpita njia anaziona, na bei yake imeandikwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye Duka
(Risiti ya faini ninayo)